Kompyuta hazionani, printa imenuna: kutafuta kasoro kwenye mtandao wa nyumbani

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mitandao ya nyumbani ni yale yale kila siku, sauti tu ndizo zinazobadilika. "Jana ilikuwa inachapa." "Folda naiona ila haifunguki." "Simu inaingia, kompyuta haiingii." Na karibu kila anayelalamika amekwisha kufungua mipangilio ya kushea, akabofya kila kinachobofyeka, hadi kasoro ya mwanzo imefunikwa na nyingine tatu za kujitakia.

Hapa tutakwenda kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi, na ya mwisho ni ya nadra. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kingine. Na kichwani uwe na maswali mawili, kwa zamu: mashine hizi zinafikiana? Zikishafikiana, zinaruhusiana? Watu humaliza saa nzima kwenye nywila na ruhusa, kumbe mashine zenyewe ziko kwenye mitandao miwili tofauti. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwanza kabisa, soma anwani

Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika ipconfig, bonyeza Enter, kisha tafuta mstari wa "IPv4 Address". Kwenye Mac, shikilia Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi juu ya skrini. Kwenye Linux, andika ip a. Kwa printa, chapa ukurasa wa mipangilio ya mtandao kutoka kwenye menyu yake. Isiyo na skrini huwa na kitufe cha kushikilia sekunde kadhaa. Sasa ziandike zote kwenye karatasi:

kompyuta ya mezani – 192.168.1.14
laptop – 192.168.1.22
printa – 169.254.87.3

Karatasi hii tayari imeshatoa jibu. Kompyuta mbili zinafanana namba tatu za mwanzo, yaani 192.168.1, kwa hiyo ziko pamoja. Printa haimo. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kifaa kiliomba anwani kwa ruta, hakikujibiwa, kikajipa chenyewe. Hapo usiguse draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa) wala mipangilio ya kushea. Kasoro ni kebo, nywila ya Wi-Fi iliyobadilishwa, au ruta yenyewe. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikiondoa na kurudisha draiva ya printa, na ukurasa wenye 169.254 ulikuwa umelala kwenye trei muda wote. Nilikuwa nimeuchapa mwenyewe.

Dalili: kompyuta nyingine haionekani kabisa

*Mtandao umewekwa kuwa wa hadharani.* Hii ndiyo namba moja. Windows ikiunganishwa na mtandao mpya, mara nyingi huuhesabu kuwa "Public", kama vile umekaa kituo cha basi, na hapo hujificha. Ukibadilisha ruta, hata jina la Wi-Fi likiwa lile lile, Windows inaweza kuuona kuwa mtandao mpya na kurudi huko. Ingia Settings, kisha Network & internet, fungua sifa za mtandao uliomo, chagua "Private network". Fanya hivyo kwenye kila kompyuta. Halafu kwenye "Advanced sharing settings" hakikisha "Network discovery" na "File and printer sharing" zimewashwa upande wa Private. Upande wa Public ziache zimezimwa. Ukienda na laptop kwa watu utashukuru.

*Kompyuta imelala.* Mashine iliyolala haijibu. Ukigundua kwamba asubuhi haionekani na mchana inaonekana, umepata jibu.

*Moja iko kwenye Wi-Fi ya wageni.* Mtandao wa wageni kwenye ruta nyingi umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane. Kinachoruhusiwa ni intaneti tu. Intaneti inapatikana, kwa hiyo mtu haoni sababu ya kuushuku. Ruta nyingine zina utengano huo hata kwenye mtandao wa kawaida, kwa jina la "AP isolation" au "client isolation". Uzime.

*Ruta mbili.* Hii inastahili maelezo. Mtu ana ruta aliyopewa na kampuni ya intaneti, mawimbi hayafiki chumba cha nyuma, ananunua ya pili na kuichomeka kwenye ya kwanza. Intaneti inafika kote, furaha tupu, ila kuna mitandao miwili sasa, mmoja nyuma ya mwingine. Dalili yake ni ya ajabu: walio kwenye ruta ya ndani wanaweza kuwafikia wa nje kwa anwani, wa nje hawawezi kuwafikia wa ndani. Yaani laptop inachapa kwenye printa iliyo sebuleni, lakini kompyuta ya sebuleni haioni folda za laptop. Karatasi yako ya anwani itaonyesha 192.168.1 huku na 192.168.0 kule. Dawa ni kuifanya ruta ya pili iwe kipaza mawimbi tu: ndani ya mipangilio yake chagua "Access Point mode". Kama haina, zima huduma ya DHCP (ile inayogawa anwani) kwenye hiyo ya pili, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kisha hamisha kebo kutoka tundu la WAN (la kuingizia intaneti) kwenda moja ya matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani).

*VPN au fayawoli ya programu ya kuzuia virusi.* VPN, ile njia ya siri inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtandao mwingine, ikiwa hewani huweza kukata mawasiliano ya ndani. Izime, jaribu tena. Programu za kuzuia virusi nazo huja na fayawoli yao (ukuta wa kuchuja mawasiliano) isiyojali ulichochagua kwenye Windows. Humo pia utambulishe mtandao wako kuwa wa nyumbani. Kuizima dakika mbili kwa majaribio ni sawa. Kuizima moja kwa moja ili "mambo yaende" si utatuzi.

*Jina halifiki, anwani inafika.* Kabla hujakata tamaa, andika anwani badala ya jina kwenye kisanduku cha juu cha File Explorer: \\192.168.1.14. Kwenye Mac, ndani ya Finder bonyeza Command na K, andika smb://192.168.1.14. Ikifunguka, au hata ikiuliza nywila tu, mashine zinafikiana na kilichoharibika ni kutangaza majina. Kwenye Windows, fungua Services, tafuta "Function Discovery Resource Publication", iweke "Automatic" na uiwashe. Ukiona shida, achana na majina: weka njia ya mkato yenye anwani. Mimi nyumbani sitegemei ile orodha ya "Network" hata kidogo. Huwa inachelewa kujaza na hupoteza mashine bila sababu inayoeleweka.

Neno kuhusu ping, amri inayoipigia mashine nyingine hodi na kungoja jibu. Wengi hupima kwa ping, wakikosa jibu husema mashine haipo. Fayawoli ya Windows huweza kuinyamazia ping huku kompyuta ikiwa hai kabisa. Ping ikijibu, mnafikiana. Isipojibu, bado hujajua kitu.

Na ukikuta maelekezo yanayokutuma "HomeGroup", njia ya zamani ya Windows ya kushea nyumbani, yamepitwa na wakati. Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Dalili: inaonekana, lakini inakataa nywila

Hapa tumehamia swali la pili. Mashine zinafikiana, haziruhusiani.

*Umeandika PIN.* Zile tarakimu unazofungulia kompyuta kila asubuhi zinafanya kazi kwenye kompyuta hiyo pekee, hazivuki kwenda kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti iliyo kwenye kompyuta *yenye folda*, si ile unayoitumia kwenye kompyuta uliyokaa mbele yake. Nusu ya kesi za namna hii huishia hapa.

*Akaunti haina nywila.* Windows kwa kawaida hukataa kuingiwa kupitia mtandao na akaunti isiyo na nywila, hata kama ukikaa mbele yake inafunguka yenyewe.

*Akaunti ni ya Microsoft.* Jina la mtumiaji hapo ni barua pepe nzima, si jina lililo kwenye folda ya Users. Na kwa aliyezoea PIN tangu siku ya kwanza, hata nywila sahihi huweza kugoma. Siku hizi sihangaiki nalo. Kwenye kompyuta yenye folda ninafungua akaunti ya ndani, isiyo ya barua pepe, jina fupi kama vile "faili", nywila ndefu, bila mamlaka ya msimamizi, na folda naishea kwa akaunti hiyo. Kila kifaa ndani ya nyumba kinaingia kwa jina hilo. Kazi ya dakika tano.

*Kompyuta imekariri nywila ya zamani.* Ulibadilisha nywila mwezi uliopita, na mashine ya pili inaendelea kuituma ile ya kale bila kukuuliza. Fungua Credential Manager, nenda "Windows Credentials", futa mstari wenye jina au anwani ya kompyuta ile. Ukiambiwa kuna miunganisho mingi kwa jina tofauti, andika net use uone iliyopo, kisha net use * /delete uikate yote na kuanza upya. Funga kwanza faili zozote ulizofungua kupitia mtandao, zisije zikapotea nusu.

*Unaingia kama mgeni.* Vifaa vya kuhifadhia faili vya miaka ya nyuma viliruhusu kila mtu bila nywila. Windows 11 Pro kuanzia toleo 24H2 haikubali hilo, nayo hutoa ujumbe kwamba sera za usalama za shirika lako zimezuia wageni. Watu hunipigia wakiuliza, shirika gani tena, hapa ni nyumbani! Usihangaike kutafuta sera. Nenda kwenye kifaa chenyewe, weka jina na nywila, ingia navyo.

*Linux na Mac.* Kwenye Linux, Samba, yaani programu inayoshea folda, ina daftari lake la nywila. Kuwa na akaunti kwenye mfumo hakutoshi, lazima smbpasswd -a ikifuatiwa na jina la mtumiaji. Kwenye Mac, ndani ya "File Sharing" kuna chaguo la Options ambako kila mtumiaji anayehitajiwa na Windows lazima awekewe tiki na kuandika nywila yake. Tiki hiyo husahaulika sana.

Dalili: naingia, nasoma, lakini siwezi kuhifadhi

Folda ya Windows ina milango miwili: ruhusa za kushea, kwenye kichupo cha "Sharing", na ruhusa za faili zenyewe, kwenye kichupo cha "Security". Anayetoka kwenye mtandao hupita yote miwili, na iliyo ngumu ndiyo inayoshinda. Ukimpa mtu kila kitu kwenye Sharing na kusoma tu kwenye Security, atasoma tu. Linganisha vichupo hivyo na utaiona tofauti.

Dalili: printa ilikuwa inachapa, leo inasema "Offline"

*Anwani yake imebadilika.* Ruta hukodisha anwani kwa muda, kisha huigawa upya. Umeme ukikatika na vifaa vyote vikaamka kwa pamoja, printa iliyokuwa 192.168.1.30 inaweza kuamka ikiwa .33, wakati kompyuta inaendelea kubisha hodi mlango wa .30. Chapa ule ukurasa wa mtandao, linganisha na anwani iliyo kwenye kichupo cha "Ports" katika "Printer properties". Zikitofautiana, rekebisha, halafu ingia kwenye ruta uitengee printa anwani yake ya kudumu. Chaguo hilo huitwa "address reservation" au "static lease". Usiiandike anwani hiyo kwenye printa yenyewe bila kumwambia ruta, maana ruta itakuja kumpa simu ya mtu anwani ile ile na mtaanza kugombana.

*Imetoka kwenye Wi-Fi.* Uliweka nywila mpya, kila mtu alibadilisha kwenye simu yake, printa haikukumbukwa. Au ruta ni mpya: printa nyingi zinasikia masafa ya 2.4 GHz tu, na za zamani haziijui WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi. Ruhusu 2.4 GHz, na usalama uweke ule wa kuchanganya WPA2 na WPA3. Kompyuta yako kuwa kwenye 5 GHz si tatizo. Ruta ikiwa moja na mtandao ukiwa mmoja, masafa hayatenganishi kitu.

*Bandari ya WSD.* Ukiona neno WSD (njia ya Windows ya kuitafuta printa yenyewe) kwenye kichupo cha Ports, hapo ndipo chanzo cha ile printa inayoonekana leo na kutoweka kesho. Bofya "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", weka anwani uliyoitenga. Sijawahi kujuta kuondoa WSD.

*Offline ya uongo.* Printa inajibu, inachapa hata kwa simu, ila kompyuta moja imeshikilia kwamba haipo. Fungua foleni yake, uone kama "Use Printer Offline" ina tiki. Haina? Rudi Ports, "Configure Port", ondoa tiki ya "SNMP Status Enabled".

*Printa imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya mwenzako.* Basi uhai wa printa ni uhai wa kompyuta hiyo. Ikizimwa, nyote hamna printa.

Dalili: printa ya kushea inagoma na namba 0x0000011b

Hii ni ya Windows kwa Windows, printa ikiwa kwenye kompyuta moja na wengine wakipitia humo. Ilianza kusumbua watu baada ya masasisho ya usalama ya Septemba 2021. Kwanza sasisha kompyuta zote mbili, si moja. Ikikataa, kwenye kompyuta inayoomba sakinisha draiva ya printa kana kwamba ni yako, kisha kwenye Ports ongeza "Local Port" na uandike njia yake, kwa mfano \\192.168.1.14\printa. Mara nyingi inapona.

Utakutana na ushauri wa kubadilisha thamani ya RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Inafanya kazi, kwa sababu inazima ulinzi ambao sasisho lilikuja kuuweka. Mimi sifanyi. Kama printa ina Wi-Fi au tundu la Ethaneti, iunganishe moja kwa moja na ruta na uachane na kushea kupitia kompyuta ya mtu.

Dalili: kazi zimekwama kwenye foleni, hazifutiki

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop spooler. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa yaliyomo ndani, folda yenyewe iache. Kisha net start spooler. Ikikwama tena kwa waraka ule ule, kosa liko kwenye waraka. Uhifadhi kama PDF mpya uchape huo.

Dalili: skana haitumi tena kwenye folda

Printa ya zamani, kompyuta mpya. Skana nyingi za zamani hutuma kwa SMB1, itifaki ya zamani ya kushea faili ambayo Windows 10 iliacha kuisakinisha tangu toleo 1709 la mwaka 2017, mwaka ule ule ambao WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilipitia mwanya wa SMB1 na kufunga mafaili ya watu duniani kote mwezi Mei. Angalia kama printa ina sasisho la programu yake linaloleta SMB2. Kama haina, iambie itume kwa barua pepe au kwenye kijiti cha USB. Kuirudisha SMB1 kwa ajili ya skana ni kufungua dirisha la nyumba nzima ili paka apite.

Dalili: faili zinakwenda kwa kusuasua

Tazama kasi ya muunganisho kwenye sifa za mtandao. Kama umetumia kebo na unasoma 100 Mbps badala ya 1000, shuku kebo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika, mashine mara nyingi hushuka kimya kimya hadi 100, ambayo inatosheka na jozi mbili. Niliwahi kuikuta kebo iliyopita chini ya mlango. Ilikuwa bapa kama utepe mahali mlango ulipoikanyaga miaka yote, na kila kitu kilikuwa "kinafanya kazi". Kwa 100 Mbps, video ya GB 10 hukaa karibu robo saa. Kwa gigabiti, dakika moja na nusu hivi.

Kama unatumia Wi-Fi, sogea karibu na ruta ujaribu tena. Na picha elfu tano ndogo ndogo zitakwenda polepole kuliko faili moja kubwa ya uzito ule ule, hata mtandao ukiwa mzuri. Zifunge kwenye ZIP kwanza.

Mahali pa kuacha na kumwita fundi

Diski inayolia tik-tik, au folda inayofunguka kwa dakika nzima na kukosa baadhi ya faili: zima kompyuta. Kila jaribio la "ngoja nijaribu mara moja tena" linaweza kuiharibu zaidi. Mwite anayeokoa data, si anayefunga mitandao.

Faili zimebadilika viambishi vya mwisho na kuna ujumbe unaodai pesa: chomoa kebo na uzime Wi-Fi kwenye mashine zote mara moja, diski za nje zisichomekwe, kisha tafuta msaada.

Adapta ya umeme iliyovimba, yenye harufu ya kuungua au isiyoshikika kwa joto haifunguliwi nyumbani. Vivyo hivyo sehemu ya kuunguzia wino ndani ya printa ya leza: hubaki na joto la kuchoma mkono muda mrefu baada ya kuzimwa. Kebo inayopita ukutani sambamba na nyaya za umeme, au inayotoka nje kwenda jengo jingine, ni kazi ya fundi umeme.

Laptop ya ofisini ikikataa kushea nyumbani, muulize anayeisimamia kazini kabla hujagusa fayawoli yake. Na ukitaka kufikia folda zako ukiwa safarini, usifungue bandari 445, mlango wa kushea faili, kwenye ruta kuelekea intaneti, hata kwa jioni moja. Kwa hilo mwite fundi akufungie VPN ya nyumbani.